Ngumi Huanzia Kisiginoni

Mtazame mama anayetwanga muhogo mkavu. Asiyezoea huukamata mchi kama anaogopa utamponyoka: mabega yamepanda, vidole vimekaza, na mchi anausukuma chini kwa mikono peke yake. Dakika 5 tu, viganja vina malengelenge. Aliyezoea huunyanyua kwa magoti na kiuno, mikono ikiuongoza tu. Ukifika juu anaulegeza, wakati mwingine anauachia kabisa na kupiga kofi kabla ya kuudaka. Mchi unashuka na uzito wake wote, naye anaubana pale tu unapokaribia kugusa muhogo, kisha analegea tena. Anaweza kutwanga nusu saa huku anapiga soga.

Karibu mjadala wote wa mitindo ya nje na ya ndani ya sanaa za mapigano umo ndani ya mchi huo. Hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, mjadala wenyewe mara nyingi hugeuka ushabiki: huyu anasema karate ndiyo vita na taichi ni mazoezi ya wazee, yule anasema karate ni misuli tu na siri yote iko kwenye pumzi. Wote wawili wanajinyima kitu muhimu.

Maneno yenyewe ni ya Kichina. Waijia ni ukoo wa nje, neijia ni ukoo wa ndani. Kwenye ukoo wa nje huwekwa Shaolin, mtindo wa hekalu la Kibudha la jina hilo, na matawi yake, na kwa mantiki hiyohiyo watu huongeza karate, taekwondo na ngumi za ulingoni. Kwenye ukoo wa ndani hutajwa tatu: taijiquan (ndiyo taichi yetu), xingyiquan na baguazhang. Mwaka 1669 msomi Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi la mpiganaji Wang Zhengnan, akasema Shaolin ni hodari wa kushambulia, lakini ipo shule nyingine, ya ndani, inayotumia utulivu kuushinda mwendo. Huang alikuwa mtiifu kwa utawala wa Ming ulioangushwa na Wamanchu, na baadhi ya wanahistoria wanayasoma maneno yale kisiasa: Ubudha wa Shaolin, dini iliyotoka nje ya China, ukipambanishwa na Utao wa mlima Wudang, dini ya nyumbani. Kwa usomaji huo, ndani na nje ni ya nchi kabla ya kuwa ya mwili. Na taichi haitajwi humo hata mara moja. Aliyezieneza zile tatu kama jamaa wa ukoo mmoja ni Sun Lutang (1860–1933), kwa vitabu alivyoanza kuvitoa mwaka 1915. Chuo cha taifa cha sanaa za mapigano kilipofunguliwa Nanjing mwaka 1928, kiligawanywa upande wa Shaolin na upande wa Wudang. Uhasama ukazidi mpaka wakuu wa pande hizo wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na mgawanyo ukafutwa.

Ukiichunguza mitindo yenyewe, mpaka unavuja. Goju-ryu, karate ya Okinawa iliyoasisiwa na Miyagi Chojun (1888–1953), imebeba jambo hili kwenye jina lake: go ni ngumu, ju ni laini. Kata yake (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) ya Sanchin huuonyesha mwili uliokazwa kama nguzo. Kata ya Tensho huonyesha viganja vinavyozunguka kama vya mtu anayepapasa kitambaa chepesi. Upande wa pili, taichi ya kijiji cha Chen, mkoani Henan, ina mfululizo uitwao paochui, yaani ngumi za mzinga, wenye kuruka, kukanyaga kwa kishindo na kurusha viwiko. Anayeijua taichi kwa ule mfululizo wa hatua 24 uliotungwa mwaka 1956 kwa ajili ya afya ya umma, akiiona paochui kwa mara ya kwanza hudhani ameonyeshwa kitu kingine kabisa.

Ninavyoona mimi, tofauti ya kweli iko kwenye mpangilio wa mafunzo. Mtindo wa nje unaanza na kinachoonekana: mkono, mguu, kasi, nguvu, na baada ya miaka unarudi kusafisha kilichomo ndani, yaani mkao, pumzi na ulegevu. Mtindo wa ndani unaanza na mkao na ulegevu, na pigo linakuja baadaye. Kila njia ina gharama yake. Wa nje anaweza kujitetea baada ya miezi kadhaa, ila hubeba tabia ya kukaza misuli ambayo ni ngumu kuivua. Wa ndani anajenga msingi mzuri, lakini akikosa mtu wa kumjaribu anaweza kukaa miaka 10 bila kujua kwamba hajui kitu.

Tuishushe mada mpaka kwenye ngumi moja.

Ukiisukuma ardhi, nayo inakusukuma kwa nguvu ileile. Msukumo huo hupanda kupitia kisigino, goti, nyonga, mgongo, bega, kiwiko, mpaka kwenye ngumi. Kila kiungo kilichokazwa bila sababu ni kizuizi barabarani. Msuli wa mbele wa mkono wa juu hukunja kiwiko, wa nyuma hukinyoosha. Ukikaza yote miwili kwa pamoja, mmoja unakanyaga mafuta na mwingine unakanyaga breki. Hiyo ndiyo sababu kijana mwenye kifua kama mlango anaweza kuwa na ngumi ya polepole, na mvuvi mwembamba anayevuta nyavu kila usiku akakuangusha kwa kofi.

Ngumi ya nje, mfano gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) ya Shotokan, mtindo mmoja wa karate, inapigwa hivi. Miguu iko mbalimbali kwa urefu wa mabega mawili, upana wa bega moja, na mguu wa mbele umebeba asilimia 60 hadi 70 ya uzito. Nyonga imefunguka kama nyuzi 45. Kisigino cha nyuma kinasukuma, nyonga inafunga kuelekea mbele, na hapo ndipo mkono unaondoka kiunoni, kiwiko kikisugua mbavu. Ngumi inageuka mwishoni kabisa, mkono wa pili unarudi kiunoni, mwili wote unakazwa kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, kisha unalegea. Kukaza huko huitwa kime. Kosa la wengi ni kukaza tangu mwanzo wa safari. Utalijua kwa bega: likipanda kuelekea sikio, nguvu imekwama shingoni. Kosa la pili ni kiwiko kupanuka nje, ngumi ikafika na mafundo ya vidole viwili vidogo badala ya fundo la kidole cha shahada na cha kati. Mfupa wa kiganja unaoelekea kidole kidogo huvunjika kirahisi sana hivyo. Kosa la tatu ni kunyoosha kiwiko mpaka mwisho ukiwa unapiga hewa. Baki na mkunjo mdogo, la sivyo maumivu ya kiwiko yatakukuta kabla mwaka haujaisha.

Ngumi ya ndani, mfano beng ya xingyi, haina safari ndefu. Unasimama mkao wa santi, asilimia 60 hadi 70 ya uzito ikiwa mguu wa nyuma, kinyume cha yule wa Shotokan. Mguu wa mbele unapiga hatua, wa nyuma unafuata nusu hatua, na ngumi iliyosimama wima inafika pamoja na mwili. Hakuna kurudisha mkono nyuma kuvuta kasi, hivyo mpinzani haoni dalili. Kinachopiga ni kilo zako zote zinazosogea, mkono ni ncha ya mkuki tu. Hapa kosa kubwa ni la muda: ngumi ikitangulia, umepiga kwa mkono mtupu, ikichelewa, mwili umeshasimama na umebaki kusukuma. Mjaribu mwenzako kwa kuweka kiganja kwenye ngumi yake na kusikiliza kwa ngozi. Ngumi ya mkono inachoma juujuu kisha inaisha. Ngumi ya mwili inakusogeza miguu.

Ili mwili uweze kusogea ukiwa kitu kimoja, lazima kwanza ujue kusimama, na hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu, kwa sababu ndilo zoezi linalodharauliwa kuliko yote. Kichina huitwa zhan zhuang, kusimama kama nguzo. Wang Xiangzhai (1885–1963) alilifanya kuwa kiini cha mtindo wake wa yiquan, na huhitaji kifaa chochote.

Weka miguu upana wa mabega, vidole vikitazama mbele. Kunja magoti kidogo, kiasi kwamba ukitazama chini bado unaona vidole vya miguu mbele ya magoti. Legeza kiuno, acha makalio yashuke kana kwamba unataka kuketi kwenye kigoda kirefu, bila kuyabinua nyuma na bila kuyabana mbele. Kifua usikisukume nje kama gwaride. Sasa inua mikono mpaka usawa wa kifua, kama unayekumbatia shina la mchikichi bila kuligusa. Kila mtu wa Kigoma anajua shina la mchikichi lilivyo na magamba ya kuchubua, kwa hiyo mikono itajiweka yenyewe: mviringo, viwiko chini kidogo ya viganja, kwapa wazi, ncha za vidole zikiachana kama ngumi 3. Pumua kwa pua, tumbo likijaa na kupungua bila kulilazimisha.

Kichwa ndicho kinachowashinda wengi, ingawa somo lake tunapishana nalo njiani kila siku. Mtu aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani amebeba kilo 20. Kidevu kimeingia ndani kidogo, shingo ndefu nyuma, mabega yameanguka, na hatua hazirukiruki. Mifupa ndiyo iliyobeba. Misuli inasawazisha tu. Wapagazi wa misafara waliotembea kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na wengine kuendelea mpaka Ujiji, walibeba mizigo ya karibu frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na hakuna misuli ya shingo inayoweza kazi hiyo kutwa nzima isiposaidiwa na mpangilio wa mifupa. Walimu wa taichi husema utosi uwe kama umening'inizwa kwa uzi. Kwetu ni rahisi zaidi: kunja kitenge kama ngata, kiweke utosini, simama. Kikianguka, kichwa kilisogea.

Wiki ya kwanza simama dakika 3 tu kila siku, kisha ongeza dakika 1 kila wiki mpaka ufike 15. Karibu dakika ya 4 mabega yataanza kuwaka moto. Usishushe mikono papo hapo. Tafuta kwanza ni msuli upi unafanya kazi isiyo yake na uulegeze, kwa sababu kutafuta huko ndilo zoezi lenyewe. Mapaja yakitetemeka ni kawaida. Viganja kupata joto na vidole kunyemelewa na mwasho ni kawaida pia: ukilegea, mishipa midogo ya damu hupanuka. Walimu wa Kichina huiita hali hiyo chi, nami sina ugomvi na neno hilo maadamu mwanafunzi haachi kazi akaanza kuifukuza hisia. Kizunguzungu si kawaida. Mara nyingi kinatokana na kufunga magoti yakanyooka kabisa au kubana pumzi. Keti, kunywa maji, jaribu kesho. Maumivu ndani ya goti nayo si ya kuvumilia. Tazama kama magoti yameangukia ndani. Kila goti lielekee kidole cha pili cha mguu wake.

Niseme zaidi kuhusu goti, kwa sababu linaumia pande zote mbili, na la mtu wa taichi huumia kimyakimya. Goti ni kama bawaba ya mlango: linakunja na kukunjua. Kuzunguka ni kazi ya nyonga. Anayegeuza kiwiliwili huku unyayo umenasa chini na nyonga imekazwa, anailazimisha bawaba kuzunguka. Dawa ni kuondoa uzito kwenye mguu kabla ya kuugeuza, au kugeuka kwa kisigino huku mguu ukiwa mwepesi. Ndiyo maana simshauri anayeanza kufanyia mizunguko kwenye mchanga wa ufukweni, hata kama jua la jioni linavyozama upande wa Kongo linavutia. Mchanga hushika unyayo na kumeza msukumo wa ardhi; ni mzuri kwa kukimbia na kuimarisha vifundo, mbaya kwa kujifunza kugeuka. Udongo mgumu uliofagiliwa, au sakafu ya saruji ukiwa na raba nyepesi, ndipo mahali pake.

Upande wa nje una nguzo yake pia, makiwara, na makosa yake ni ya kuvunja mifupa. Makiwara si ukuta wala mti. Ni ubao usio na fundo, unene wa sentimita 7 au 8 chini, uliochongwa taratibu mpaka sentimita 1.5 juu, ili ukipigwa upinde na kurudi. Uchimbie sentimita 70 ardhini, ushindilie kwa mawe, na sehemu ya kupigia, iliyo usawa wa kifua chako, uizungushie kamba ya katani. Anza na ngumi 20 kila mkono, kwa theluthi ya nguvu zako, siku 3 kwa wiki. Lengo la miezi ya mwanzo ni kujua kama kifundo cha mkono kimenyooka na kama kisigino kinasikia pigo. Ngozi ngumu kwenye mafundo ya vidole ni jambo la pembeni. Mtoto ambaye mifupa bado inakua asiguse kabisa. Kupiga mwembe au ukuta wa tofali ni kuharibu viungo, maana visivyopinda vinairudisha nguvu yote mkononi.

Pumzi nayo ina hatari yake. Ukikaza mwili mzima kama kwenye Sanchin huku umefunga koo, shinikizo la damu hupanda ghafla. Mwenye presha, au mama mjamzito, aiache kata hiyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Hata kwa mzima, mlio wa pumzi utoke tumboni na njia iwe wazi. Sauti ya kukwaruza kooni ni dalili kwamba umebana.

Bagua, yaani baguazhang, nitaigusa kwa haraka. Chora duara kwa fimbo, kadiri hatua 8 zinavyokamilisha mzunguko mmoja. Tembea juu ya mstari ukiwa umekunja magoti kiasi kilekile, urefu wa kichwa usibadilike, mguu wa ndani ukienda moja kwa moja na wa nje ukiingiza vidole kidogo. Badili upande kila mizunguko michache. Kama kichwa kinapanda na kushuka, umekunja magoti kuliko uwezo wako. Nyanyuka sentimita chache.

Yote haya hayatoshi bila mtu wa pili. Mtu wa nje ana kumite, kupambana na mwenzake, mtu wa ndani ana tuishou, kusukumana mikono. Tazama boti zilizofungwa Kibirizi siku ya upepo. Kamba iliyokazwa mno hukatika au hung'oa kigingi wimbi likipiga. Iliyolegezwa mno huiacha boti igongane na jirani yake. Mwenye boti anayejua kazi huacha ulegevu kiasi, kamba ikikaza pole pole wimbi linapovuta. Tuishou ni hivyo. Mnasimama mguu mmoja mbele, migongo ya mikono imegusana juu kidogo ya kifundo. Mwenzako akisukuma, usimkabili na usimkimbie: pokea, geuza kiuno, mpeleke pembeni, na mguso usikatike. Anayesogeza mguu amepoteza, mnaanza tena.

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kugeuka mieleka: mmoja anakaza, mwingine anakaza zaidi, na mwenye kilo nyingi anashinda bila kujifunza chochote. Ya pili, ambayo mimi naiona mbaya zaidi kwa sababu inapendeza macho, ni kugeuka ngoma: mikono inazunguka vizuri, hakuna anayesukuma kweli, na kila mmoja anaondoka akiamini ana nguvu ya ndani. Kila baada ya dakika 5 mmoja asukume kwa dhati, bila onyo, kuelekea katikati ya kifua cha mwenzake. Mwenzake akiyumba, wamejua wapi pa kurudi kusimama.

Nani aanzie wapi? Kijana wa miaka 12 hadi 25 mpeleke karate, judo au ngumi. Mwili wake unataka kuruka, na nidhamu ya saa iliyopangwa inamfaa. Lakini mwalimu wake ampe dakika 5 za kusimama kabla ya kupasha misuli, tangu siku ya kwanza, ili ulegevu usije ukawa somo geni baada ya mkanda mweusi. Aliyevuka miaka 50, au anayerudi baada ya kuumia, aanze na taichi kwa mkao wa juu, magoti yamekunjwa kidogo tu. Baada ya miezi 3 ashike gunia jepesi la kupiga, ngumi 30 za taratibu, kwa sababu bila kugusa kitu kizito hatajua kama mpangilio wake unabeba.

Kwa wawili wanaotoka mitindo tofauti na wanataka kufanya pamoja, saa moja na nusu inatosha: dakika 10 kusimama, 20 za hatua na ngumi moja tu iliyochaguliwa, 20 kwenye gunia au makiwara, 30 za kusukumana na kupambana polepole, na zilizobaki za kunyoosha viungo. Kateni kucha, vueni pete na saa. Kwenye kusukumana anzeni na mkono dhaifu, kwa sababu ule wenye nguvu umeshazoea kudanganya.